Kilomita ni Zile Zile, Saa Hazilingani

Katika maswali ambayo msafiri wa masafa marefu hujiuliza kabla ya kukata tiketi, lililo jepesi ni lile la umbali, na lililo gumu ni lile linalolifuata papo hapo: safari itachukua saa ngapi? Wengi huyachukua maswali haya mawili kuwa swali moja. Hugawanya kilomita kwa mwendo wa ndege, wakaongeza nusu saa ya kupaa na kutua, wakaona kazi imekwisha. Vikokotoo vingi vya umbali navyo hufanya hivyo hivyo. Kwa safari fupi hesabu hiyo haimpotezi mtu sana, lakini viwanja viwili vikiwa pande mbili za dunia, jibu lake linaweza kupungua au kuzidi kwa saa mbili, tatu, hata zaidi, na sababu zake zinaeleweka vizuri kabisa. Mimi ni mpenzi wa ramani na ratiba za ndege, na hizo sababu ndizo ninazotaka kuzieleza hapa.

Tuanze na umbali, kwa kuwa wenyewe hauna ubishi. Dunia ni mviringo, na njia fupi kuliko zote kati ya sehemu mbili za mviringo ni ile inayofuata duara kuu, yaani duara ambalo kitovu chake ndicho kitovu cha dunia. Mwenye tufe anaweza kuiona njia hiyo kwa kuvuta uzi ukaze kutoka mji mmoja hadi mwingine. Ramani bapa tuliyoizoea tangu darasani, iliyotokana na kazi ya Gerardus Mercator ya mwaka 1569, iliwafaa sana mabaharia, kwa sababu mstari ulionyooka juu yake ni mwelekeo mmoja wa dira. Ila huzikuza mno nchi zilizo karibu na ncha za dunia, na hivyo njia fupi huonekana juu yake kama upinde mrefu usio na maana. Ndiyo maana abiria wa kutoka Dubai kwenda Los Angeles, safari ya kilomita kama 13,400, hushangaa kuona ndege ikielekea kaskazini hadi jirani na Ncha ya Kaskazini, wakati ramani ya ukutani ingemfanya adhani kwamba atavuka Afrika ya Kaskazini na kuingia moja kwa moja katika Bahari ya Atlantiki.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Singapore na New York, kwa sababu umbali wake unaweza kuupata kwa kujumlisha na kutoa tu. Uwanja wa Kennedy wa New York uko digrii 40.6 kaskazini ya ikweta na digrii 73.8 magharibi. Uwanja wa Changi uko digrii 1.4 kaskazini na digrii 104 mashariki. Ukijumlisha hizo longitudo mbili unapata 177.8, ambayo inakaribia mno 180. Maana yake ni kwamba viwanja hivi karibu vinatazamana kupitia Ncha ya Kaskazini, na njia fupi kati yake ni kupanda kutoka New York hadi jirani na Ncha, kisha kushuka upande wa pili. Kutoka New York hadi Ncha ni digrii 49.4, na kutoka Ncha hadi Singapore ni digrii 88.6. Jumla ni 138. Kila digrii moja ya duara kuu ni kama kilomita 111.2, na ukizidisha unapata kilomita 15,346. Umbali unaotajwa kwa kawaida ni kilomita 15,349. Hizo kilomita chache zilizopungua ni kwa sababu dunia si mviringo kamili, bali imetanuka kidogo kwenye ikweta, ambako nusu kipenyo chake ni kilomita 6,378, ilhali kwenye ncha ni 6,357. Wanaotaka usahihi wa milimita wana kanuni zao, mojawapo ni ile aliyoichapisha Thaddeus Vincenty mwaka 1975. Msafiri hana haja nazo.

Baada ya hapo ndipo mambo yanapoanza kuwa na ladha, kwa maana ndege haiifuati ile namba. Singapore Airlines ilipoirudisha safari ya moja kwa moja kati ya Singapore na Newark, uwanja wa pili wa jiji lile la New York, mnamo Oktoba 2018, ilitangaza kwamba safari hiyo ingekuwa ya kilomita kama 16,700 na ingechukua hadi saa 18 na dakika 45. Umbali wa duara kuu kwenda Newark ni kama kilomita 15,340. Kwa hiyo shirika lenyewe, likiwa na wataalamu wa kupanga safari na sababu zote za kubana mafuta, lilikubali kuongeza zaidi ya kilomita 1,300 juu ya njia fupi. Halikufanya hivyo kwa kupenda. Kwa kuwa njia fupi inapita karibu na Ncha, kuzunguka kwa upande wa Pasifiki au kwa upande wa Atlantiki hakutofautiani sana, na wapangaji huchagua upande utakaoipa ndege upepo mzuri siku hiyo. Njia iliyo ndefu kwa kilomita huweza kuwa fupi kwa saa.

Upepo ndio mzizi wa tofauti nyingi za muda. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambacho ndicho kimo cha ndege za abiria, kuna mikondo ya upepo wa kasi inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, katika nusu zote mbili za dunia. Huzaliwa na tofauti ya joto kati ya hewa ya kitropiki na hewa ya ncha, ikisaidiwa na mzunguko wa dunia, na kwa hiyo hupata nguvu zaidi wakati wa majira ya baridi, tofauti hiyo inapokuwa kubwa. Mwendo wake mara nyingi huzidi kilomita 160 kwa saa, na kuna siku hupita 300. Ndege kubwa ya leo husafiri kwa karibu asilimia 85 ya mwendo wa sauti, na katika baridi ya kimo kile hiyo ni kama kilomita 900 kwa saa. Lakini hizo ni kilomita 900 ndani ya hewa, na hewa yenyewe inakwenda, kama mto unavyokwenda na mtumbwi uliomo ndani yake.

Chukua Johannesburg na Sydney, viwanja vilivyoachana kwa kilomita kama 11,000. Pasipokuwa na upepo, kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, safari ingekuwa ya saa 12 na dakika 13 kila upande. Tuseme sasa kuna upepo wa wastani wa kilomita 100 kwa saa kutoka magharibi. Anayekwenda mashariki atapata mwendo wa kilomita 1,000 na kufika kwa saa 11, naye anayerudi atabaki na 800 na kutumia saa 13 na dakika 45. Ratiba halisi za njia hiyo zinafanana sana na hesabu hii ya mezani, kwani kutoka Sydney kwenda Johannesburg ni karibu saa 14, na kurudi hupungua hadi kama saa 12. Isitoshe, ukijumlisha kwenda na kurudi utaona kwamba safari yenye upepo imechukua saa 24 na dakika 45, na ile isiyo na upepo saa 24 na dakika 26. Upepo haurudishi chote ulichochukua, kwa sababu unakaa nawe muda mrefu zaidi unapokupinga kuliko unapokusukuma. Jambo hili huwasumbua wengi ninapowaeleza, hata wale wanaojua hesabu vizuri.

Katika njia hiyo hiyo, duara kuu hushuka hadi karibu digrii 50 kusini, na ndege inayokwenda magharibi mara nyingi hushuka kusini zaidi ya hapo, kuelekea Antaktika, ili kuukwepa ule upepo wa kupingana. Ni kilomita za ziada zinazookoa dakika. Upande wa kaskazini, mfano unaojulikana zaidi ni wa usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Februari 2020, dhoruba iliyoitwa Ciara ilipokuwa ikivuka Atlantiki: ndege aina ya Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika Heathrow, London, kwa saa 4 na dakika 56, katika njia ya kilomita kama 5,540 ambayo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa sita. Mwendo wake ukipimwa kwa ardhi ulipita kilomita 1,300 kwa saa. Baadhi ya watu waliandika kwamba ilivuka mwendo wa sauti, jambo ambalo si kweli, kwa kuwa ndani ya hewa iliyoibeba ilikuwa ikienda mwendo wake wa siku zote. Waliokuwa wakielekea New York usiku huo walikuwa na habari nyingine kabisa.

Upepo hubadilika kwa siku na majira, lakini kuna kizuizi kingine kinachoweza kudumu kwa miaka, nacho ni mipaka. Helsinki na Tokyo zimeachana kwa kilomita kama 7,800, na shirika la Finnair lilijenga sehemu kubwa ya biashara yake juu ya ukweli kwamba njia fupi kutoka Ulaya ya Kaskazini hadi Asia ya Mashariki hupita juu ya Urusi. Safari ilikuwa ya saa tisa na nusu hivi. Anga ya Urusi ilipofungwa kwa mashirika ya Ulaya mwanzoni mwa mwaka 2022, viwanja vilibaki pale pale, umbali haukuongezeka hata hatua moja, lakini muda wa safari ukafika kama saa 13. Ndege zililazimika ama kupanda kaskazini kupitia Ncha na Alaska, ama kuzunguka kusini kupitia Asia ya Kati na China. Ajabu ni kwamba shirika hilo hilo liliwahi kuipita njia ya Ncha mwaka 1983, lilipoanza kwenda Tokyo bila kusimama kwa ndege aina ya DC-10, wakati ambapo anga ya Umoja wa Kisovyeti ilikuwa imefungwa kwa wengi. Enzi zile ndege nyingi za kati ya Ulaya na Japani zilisimama Anchorage kujaza mafuta, na mji huo wa Alaska ukawa njia panda ya watu ambao hawakuwa na shughuli yoyote huko.

Ipo pia kanuni ya ndege zenye injini mbili, ambazo zinatakiwa zisiwe mbali kupita kiasi na uwanja wa kutua endapo injini moja itazimika. Mwaka 1985 ziliruhusiwa kuwa umbali wa dakika 120. Mwaka 2014 Airbus A350 ikapewa ruhusa ya hadi dakika 370. Kwa hiyo kizuizi hiki, ambacho zamani kilipinda njia nyingi za baharini, leo msafiri wa kawaida haoni athari yake isipokuwa katika bahari za kusini kabisa.

Mafuta ni jambo jingine, tena hili ndilo linaloonyesha kwa nini safari ya kwenda inaweza kusimama njiani na ya kurudi isisimame. Uwanja wa Bole wa Addis Ababa uko mita 2,334 juu ya usawa wa bahari. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, injini nazo hupungukiwa, na ndege haiwezi kupaa ikiwa na uzito wote ambao ingeubeba kutoka uwanja wa pwani. Ndiyo sababu Ethiopian Airlines, katika safari yake ya Washington ambayo ni ya kilomita kama 11,500, imekuwa ikisimama njiani kuongeza mafuta inapokwenda, kwa nyakati tofauti Dublin au Lomé, lakini inaporudi kutoka Washington, ambako uwanja uko chini na upepo unasukuma kutoka nyuma, huja moja kwa moja. Kikokotoo hakiwezi kulijua hilo. Kinaona nukta mbili na mstari.

Kuna wanaofikiri kwamba tatizo ni ndege kushindwa kufika mbali, nami nadhani hilo lilikwisha zamani. Mnamo Novemba 2005 Boeing 777-200LR iliondoka Hong Kong kuelekea London kwa kuzunguka upande wa mashariki, ikivuka Pasifiki, Amerika ya Kaskazini na Atlantiki, ikasafiri kilomita 21,602 kwa saa 22 na dakika 42 bila kutua. Hiyo ni zaidi ya nusu ya mzingo wa dunia, na hakuna viwanja viwili duniani vilivyoachana kiasi hicho. Ila ilikuwa na watu wachache sana ndani. Kadiri safari inavyorefuka ndivyo mafuta mengi zaidi yanavyochomwa kwa ajili ya kubeba mafuta yenyewe, na nafasi ya watu na mizigo hupungua. Ile Airbus A350-900ULR inayokwenda New York ina uwezo wa kubeba lita 165,000 za mafuta badala ya 141,000 za mwenzake wa kawaida, na Singapore Airlines imeipa viti 161 tu, bila daraja la chini kabisa.

Sasa tuje kwenye saa zinazoandikwa kwenye tiketi. Muda wa ratiba hauhesabiwi tangu magurudumu yanapoachana na ardhi, bali tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho yake hadi inaposimama kwenye maegesho ya kule iendako. Ndani yake mna foleni ya kusubiri kuruka, mizunguko ya kusubiri kutua, na dakika za akiba ambazo mashirika huziongeza ili yaonekane yamefika kwa wakati. Rubani anapotangaza kwamba mtafika nusu saa kabla ya wakati, sehemu ya nusu saa hiyo huenda ilikuwa akiba tangu mwanzo.

Saa za kuondoka na za kufika nazo huandikwa kwa majira ya kila mahali, na hapo ndipo macho humdanganya mtu. Chukua safari ya saa 12 kutoka Auckland kwenda Los Angeles mwezi Julai, viwanja vikiwa vimetofautiana kwa saa 19. Ukiondoka saa mbili usiku siku ya Jumatatu, utafika saa saba mchana, Jumatatu hiyo hiyo, yaani saa saba kabla ya kuondoka kwako. Kurudi ni kinyume chake: ondoka Los Angeles saa nne usiku Jumatatu, kaa angani saa 13, na utashuka saa kumi na mbili asubuhi ya Jumatano, huku Jumanne ikiwa imekupita bila hata kuiona vizuri. Kwa mfano mkali kuliko huo, Samoa iliruka tarehe 30 Desemba 2011 ikahamia upande wa pili wa mstari wa kimataifa wa tarehe, na tangu mwaka 2021 imeachana na Samoa ya Marekani kwa saa 24 kamili, ingawa ndege ndogo huvuka kati ya visiwa hivyo katika muda usiofika saa moja. Anayetaka kujua muda wa kweli wa safari yake na abadilishe saa zote mbili ziwe za majira ya Greenwich, kisha atoe. Hakuna njia nyingine ninayoiamini.

Kwa viwanja ambavyo havina ndege ya moja kwa moja, mtu angetarajia kwamba kupitia mji wa tatu kutaongeza umbali sana. Inategemea. Madrid na Wellington karibu zinakabiliana kupitia kitovu cha dunia: umbali kati ya viwanja vyake ni kama kilomita 19,850, na umbali mkubwa kuliko wote unaowezekana ni kama 20,000. Sehemu mbili zinapokabiliana hivyo, karibu kila upande unaouelekea ni njia fupi. Kutoka Madrid hadi Doha ni kilomita kama 5,330, Doha hadi Auckland 14,535, na Auckland hadi Wellington 480. Jumla yake ni kama 20,350, yaani kilomita 500 tu zaidi ya mstari ulio mfupi kabisa, na kwa saa za angani ni kama 24. Kinachoifanya safari hiyo ifike saa 30 na kuendelea ni kukaa Doha na Auckland kungoja ndege inayofuata. Hata ikipatikana siku moja ndege ya kwenda bila kusimama, kwa mwendo wa sasa itahitaji saa 22 hivi, na itakachomwokolea abiria kwa kweli ni kule kungoja, pamoja na saa mbili hivi za angani.